Kitenge kwa Mwalimu wa Kiswidi

Jambo zima lilinigharimu kitenge kimoja cha yadi sita, siku mbili za kazi nilizokatwa mshahara, safari mbili za treni, na hatua moja ya alama kwenye cheti cha mtoto wangu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza nilisahau ile hatua ya alama kwa sababu haikutoka mfukoni mwangu. Ilitoka kwa mtoto.

Tulikuwa tunakaa Jordbro, huku Uswidi, yeye ana miaka kumi na minne, darasa la nane. Wakati ule mtoto wa Uswidi alisoma miaka saba mizima bila kupewa alama yoyote. Unamuuliza mwalimu, "Huyu anaendeleaje?" unajibiwa, "Anaendelea vizuri, ana marafiki wengi." Halafu anafika darasa la nane, na siku ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi anapewa alama zake za kwanza maishani. Zilikuwa tatu tu: amefaulu, amefaulu vizuri, amefaulu vizuri sana. Asiyefaulu hakupewa sifuri. Alichorewa kistari. Mimi nimeuza sabuni sokoni Bukavu tangu nina miaka tisa, na naweza kukwambia kwamba sifuri ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Kistari hakina pa kukishika.

Kila Ijumaa mtoto alileta karatasi ya wiki, ya rangi ya njano, yenye mambo ya kukumbuka. Ile ya Desemba ilikuwa ya wiki mbili za mwisho na iliandikwa mbele na nyuma. Nilikuwa nimetoka kusafisha maghala upande wa viwanda tangu saa kumi na moja asubuhi. Miguu nimeiweka juu ya kiti, nachambua maharage, na yeye ananisomea kwa Kiswahili, upesi upesi, kama mtu anayesoma orodha ya marehemu asiowajua.

"Siku ya Lucia, ile ya mishumaa, waje na nguo nyeupe."

"Ya bei gani?"

"Mama, shuka inatosha."

"Endelea."

"Zawadi ya kubadilishana darasani, isizidi krona ishirini."

"Isizidi. Kwa hiyo kumi na mbili inakubalika."

"Mama!"

"Nauliza tu. Wameandika isizidi, hawakuandika isipungue."

Akaendelea. Vitabu vya maktaba virudishwe. Makabati ya shule yasafishwe, na ndizi zilizooza zisiachwe humo mpaka Januari. Alhamisi ya mwisho wanakwenda kuteleza kwenye barafu, kofia ngumu ni lazima. Jumatano jioni wazazi wanakaribishwa, kila mmoja na kitu cha kula. Ijumaa alama.

"Na huku chini, palipoandikwa kwa kalamu?"

"Hapo? Mwalimu anatutakia Krismasi njema."

Nilisoma Kiswidi cha kuchapwa kwa shida; cha mkono kilikuwa nyayo za kuku tu. Lakini kuhesabu najua. Mistari ilikuwa minne. Nikajiambia, Mswidi huyu gani anayetakia watu Krismasi njema kwa mistari minne? Nikaikunja ile karatasi, nikapanda nayo ghorofa ya juu kwa jirani yangu Mtanzania, mama aliyekuja zamani kusomea uuguzi akabaki. Yeye Kiswidi chake kilikuwa cha kazini, kimenyooka. Akavaa miwani.

"Shoga," akasema, "hii si Krismasi njema. Huu ni ukumbusho wa kirafiki. Wa tatu."

"Wa tatu?"

"Wa tatu. Mwalimu wa Kiswidi anasema mtoto hajaleta kazi tatu: maelezo ya kitabu alichosoma, barua ya kupeleka gazetini, na kuzungumza mbele ya darasa. Bila hizo hawezi kumpa alama. Anaomba umpigie. Ule wa kwanza na wa pili uliufanyia nini?"

Nikakumbuka. Niliibandika kwenye friji. Yote miwili. Ilikuwa na kauso kanakocheka kamechorwa pembeni, nikadhani mtoto amesifiwa. Wageni walipokuja Jumapili baada ya ibada niliwaonyesha.

Mnicheke, lakini mnielewe. Kwetu mtu anayekudai kitu anakuja kusimama mlangoni na kupaza sauti mpaka majirani watoke. Anakuita majina. Unajua umefika wapi. Hapa wanakuomba mara tatu, kila mara kwa tabasamu, na mara ya nne hakuna anayekuomba tena. Mlango umefungwa, na waliufunga polepole hukusikia.

Nilishuka. Mtoto alikuwa ameshajua. Alisimama na koti lake mwilini kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Mistari minne ya Krismasi njema, ehe?"

Akajibu kwa Kiswidi. Ndivyo tulivyogombana siku zote, mimi huku na yeye kule, na kila mmoja akielewa. Alisema hakuwa na muda wa kusoma kitabu.

"Muda ulikwenda wapi? Unafanya kazi kiwandani wewe?"

"Nilikuwa na wewe."

"Siku ngapi?"

"Hesabu mwenyewe. Si unapenda kuhesabu?"

Nikakaa, nikahesabu. Ofisi ya nyumba, mara mbili. Benki. Daktari wa meno. Kliniki mara tatu kwa ajili ya mgongo wangu. Ofisi ya ajira. Ofisi ya bima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tulikosea dirisha. Kumi. Nikahesabu tena, zikawa kumi na mbili, maana kuna asubuhi mbili nilimwazimisha kwa mama mmoja wa kanisani awe mkalimani wake, kama mtu anavyoazimisha sufuria. Asubuhi kumi na mbili za shule tangu Agosti. Yeye aliyenitafsiria Uswidi nzima alikuwa anakwenda kuchorewa kistari kwenye Kiswidi.

Sikumwambia pole. Nilimwambia avue koti ale.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini, nikakatwa siku, nikaenda shuleni. Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi, soksi za sufu, mezani ana mshumaa wa umeme wa Desemba na rundo la karatasi lililomfika kidevuni. Alikuwa amechoka. Tulitazamana tukajuana, kama wachukuzi wawili wanaokutana njiani na mizigo kichwani. Mtoto alipoanza kutafsiri, mwalimu alimnyooshea kiganja.

"Leo wewe si mkalimani," alisema polepole ili nami nielewe. "Leo wewe ni mwanafunzi. Mama na mimi tutajitahidi."

Tukajitahidi. Akanionyesha vitu vitatu kwa vidole vitatu. Akasema, Alhamisi.

"Jumanne nyingine," nikasema.

"Jumanne nimeshaandika alama."

"Andika Jumanne jioni."

"Ijumaa. Ijumaa hii."

"Jumatatu asubuhi. Na kazi mbili."

Mtoto aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Mwalimu naye alicheka, kicheko kifupi cha puani, nikajua nimempata.

"Tatu," alisema. "Lakini Jumatatu. Saa mbili kamili, kabla ya kengele. Saa mbili na dakika moja sipokei."

Tukapeana mikono. Njiani mtoto aliniambia kwamba hakuna mzazi mwingine yeyote anayepatana bei na mwalimu.

"Na nani aliyepata siku nne za ziada?" nikamuuliza. "Mtoto wa mzazi mwingine?"

Wiki ile sikumtoa darasani hata mara moja. Ofisi ya nyumba nilikwenda peke yangu, nikarudi na fomu ya kuomba mahali pa kuegesha gari. Gari sina. Jumamosi na Jumapili tulifunga mlango. Hata kanisani sikwenda. Kulikuwa na giza saa tisa alasiri, tumewasha taa zote, mimi na kapu la nguo za kupiga pasi na yeye na kitabu chake. Alikisoma chote Jumamosi. Kilihusu msichana anayehama nyumba. Zaidi ya hapo sikuambiwa. Barua ya gazetini aliiandika kuhusu watoto wanaotafsiria wazazi wao. Hiyo alinisomea kwa Kiswidi, macho kwenye karatasi, nikapiga pasi mkono uleule wa shati mara tatu.

"Wameuliza jambo unalotaka libadilike," alisema.

"Umeandika vizuri," nikasema. Sijui kama nilielewa nusu. Nusu niliyoielewa ilinitosha.

Mazungumzo ya mbele ya darasa yalitakiwa kuwa ya dakika tano. Nilishika saa ya jikoni. Mara ya kwanza alimaliza kwa dakika tatu na nusu.

"Unakimbizwa na nani?"

Mara ya pili, nne na sekunde kumi. Mara ya sita alifika tano na sekunde mbili, akainama kunisalimu kama bwana harusi, nikampigia vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga bomba. Jumatatu alikuwa mlangoni mwa mwalimu saa mbili kasoro dakika kumi, na siku hiyohiyo akazungumza mbele ya wenzake. Alirudi nyumbani anatembea tofauti. Alikuwa ameliona jina lake kwenye kazi zake, na pembeni mwalimu ameandika kwa penseli, kwa herufi ndogo: vizuri.

"Si amefaulu tu, Mama. Amefaulu vizuri." Alisema kwa Kiswahili. Nilitambua hilo.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu mtu akishughulikia mtoto wako, humwachii na asante ya mdomo. Mwalimu yule alinipa siku nne ambazo hakutakiwa kunipa. Alisoma karatasi zetu juu ya rundo lake. Jumanne baada ya kazi nilipanda treni, nikapanda na basi, mpaka Skärholmen kwa mama mmoja wa Kikongo anayeuza vitenge nyumbani kwake. Nilipatana naye saa nzima. Nilichagua cha buluu na manjano, rangi za bendera yao, nikajiona nina akili sana. Nilipomwonyesha jirani yangu wa juu alikishika, akakipapasa, akasema kizuri, halafu akakunja uso.

"Shoga, hawa mpe kadi. Kadi na pakiti ya kahawa. Tena baada ya Ijumaa."

"Nyinyi watu wa pwani mnajua sana kubana," nikamwambia.

"Haya. Mimi nimesema."

Jumatano jioni darasa lilijaa wazazi, koti juu ya koti. Kulikuwa na mikate ya zafarani, biskuti za tangawizi, na kinywaji cha moto chenye mdalasini kwenye vikombe vya karatasi. Mimi nilileta sambusa arobaini, zikaisha kabla ya biskuti, nilihesabu. Watoto waliimba. Walipomaliza, nikasimama mbele ya watu wote, nikamfunulia mwalimu kitenge changu, nikamwekea mabegani.

Alianza kuwa mwekundu shingoni, wekundu ukapanda.

"Kizuri sana," alisema. "Lakini siwezi kukipokea."

Sasa, mtu anayepokea zawadi mara ya kwanza ni mlafi. Kila mtu aliyelelewa anajua hilo. Kwanza unakataa, anayetoa anasisitiza, unakataa tena, anakulazimisha, ndipo unapokea kwa mikono miwili. Nikafurahi hata, nikaona huyu mama amefundwa.

"Pokea," nikasema. "Aksanti kwa mtoto."

"Hapana, kwa kweli. Haturuhusiwi."

"Pokea tu, mwalimu."

"Siwezi."

Mara tatu. Nikaona amekamilisha heshima zake, zilizobaki ni haya. Nikakikunja, nikakiweka juu ya kiti chake, nikamshika mkono, nikapiga vigelegele. Wazazi wawili walipiga makofi. Wengine walitazama vikombe vyao. Mtoto wangu alikuwa amesimama karibu na dirisha na alinitazama kama mtu anayeangalia basi likienda.

Alhamisi asubuhi mkuu wa shule alinipigia nikiwa kazini. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, na kwa upole ule nikajua safari hii jambo ni kubwa. Nifike kuchukua kitambaa. Nikaomba ruhusa, nikakatwa siku ya pili. Walikuwa wamekitia kwenye bahasha kubwa yenye jina langu. Mkuu wa shule alieleza kwamba hakuna anayenishuku lolote. Kwamba ni utaratibu. Kwamba mwalimu mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa, na ameomba mwenzake azisome upya kazi za mtoto na amsikilize tena akizungumza, ili asije mtu akasema alama imenunuliwa.

Imenunuliwa. Nikatamani kumweleza, Kiswidi kikanigomea. Hongo naijua. Nimeilipa kwenye vizuizi vya barabarani, nimeilipa ofisini, nimeilipa kwa mtu aliyeniuzia kiti changu mwenyewe ndani ya lori. Hongo hutolewa pembeni, imekunjwa ndogo, na anayepokea hasemi asante. Mimi nilitoa mbele ya wazazi ishirini na nyimbo, baada ya kazi kwisha. Lakini ndipo nilipokosea hesabu: kwangu kazi ilikwisha Jumatatu mtoto alipozikabidhi karatasi zake. Kwao ilikuwa inakwisha Ijumaa.

Nilipotoka nikapita kwenye korido. Mlango mmoja ulikuwa na kioo. Wenzake mtoto wangu walikuwa wamekwenda kwenye barafu na kofia zao ngumu. Yeye alikuwa amesimama mbele ya madawati matupu, anazungumza, na mwalimu nisiyemjua amekaa nyuma anaandika. Nilitazama saa ya ukutani. Alimaliza kwa dakika tatu na nusu.

Ijumaa alileta cheti. Alikiweka mezani, akaenda chumbani. Nikakipeleka juu kwa jirani, ingawa alama yenyewe ilikuwa herufi moja tu, ningeweza kuisoma mwenyewe.

"Amefaulu," jirani akasema. "Hakuna kistari. Hongera, shoga."

"Vizuri?"

Akasogeza miwani. "Amefaulu. Basi."

Nilibisha mlango wa mtoto. Nilitaka kumwambia kwamba nitakwenda kuonana nao, nitawaeleza desturi zetu, bado mwalimu yuko shuleni mpaka saa tisa.

"Usiende," alisema kwa Kiswidi. Halafu akarudia kwa Kiswahili, neno moja moja, ili nisije nikadai sikuelewa. "Mama, usiende kupatana tena. Labda ni wewe, na kitenge chako. Labda ni mimi, nilizungumza vibaya jana. Labda ni zile siku sikuwepo shuleni. Hakuna atakayesema. Sitajua kamwe kama ile vizuri ilikuwa yangu."

Likizo nzima alinijibu kwa Kiswidi. Na kuanzia Januari hakunitafsiria tena, hata barua moja. Nilijiandikisha masomo ya jioni, nikawa nalala darasani na kalamu mkononi. Sasa nasoma mwandiko wa mkono, hata wa daktari.

Yeye ni mtu mzima. Anakaa Jakobsberg, ana kazi nzuri, anakuja Jumapili moja kila mwezi, tunakula, tunacheka, ananisahihisha Kiswidi changu. Lile jambo hatujaligusa tangu siku ile. Lakini mwaka huu, kabla ya Krismasi, nataka kumwomba msamaha: kwa zile asubuhi kumi na mbili, kwa kutosikia mtu aliposema hapana, na kwa kumwachia swali lisilo na jibu. Nimejaribu mara mbili. Mara zote mbili nilijikuta niko dukani, natafuta cha kumpelekea.

Sijawahi kumwomba mtu msamaha bila kubeba kitu. Kuku, sukari, kitambaa, chochote. Sikufundishwa njia nyingine, na hii ninayoijua ndiyo iliyomuumiza. Nyinyi mliolea watoto huku, mliowahi kukaa mbele ya mtoto wenu mkubwa mkasema nilikukosea, naomba mnishauri kweli, bila kunipaka mafuta. Unaanza na neno gani? Unamwambia kwa Kiswahili au kwa Kiswidi chake? Na mikono, wakati unasema, unaiweka wapi?